Peugeot 404 iliyolala miaka 14: niivue yote kwanza, au niiamshe injini?

Mgeni wa Spana

Ndugu zangu, naomba ushauri wa watu waliokwisha kuchafua mikono. Marehemu mjomba ameniachia Peugeot 404 ya saluni iliyotoka kiwandani mwaka 1968, na gari hilo limesimama chini ya paa kwa miaka 14 bila kuwashwa hata mara moja. Halikugongwa, halikunyeshewa moja kwa moja, na karibu vitu vyake vyote vipo: mkono wa gia pembeni mwa usukani, viti vya awali, saa za dashibodi, hata jeki iliyokuja nalo. Tatizo ni kwamba injini haizunguki. Niliweka gia ya juu nikawaomba vijana wawili tulisukume, na magurudumu ya nyuma yakaburuzika badala ya kuviringika.

Mimi si fundi. Ninajua kubadilisha mafuta, plagi na pedi za breki katika gari langu la kila siku, na ujuzi wangu unaishia hapo. Nina siku mbili za mapumziko kila juma, nina mahali pa kulifungia, na sina haraka.

Mpango wangu, ambao mke wangu ameshautilia shaka, ni kulivua gari lote libaki ganda tupu, kulipeleka likapigwe mchanga ili kutu yote iondoke, kulipaka rangi mpya, kisha kurudisha kitu kimoja kimoja kikiwa kimesafishwa. Nimevutiwa na picha za watu waliofanya hivyo, na nahisi kwamba gari likishang'aa nitapata moyo wa kukabiliana na kazi ngumu ya injini. Je, mpangilio huu ni sahihi? Na ikiwa si sahihi, nianzie wapi?

Mkono wa Grisi

Ndugu Mgeni wa Spana, pole kwa msiba na hongera kwa urithi. Nitasema wazi kwamba shemeji yetu ana haki ya kutia shaka. Magari mengi ya kale yanayouzwa yakiwa vipande ndani ya maboksi hayakuangamizwa na kutu wala ajali, bali na shauku ya mwenyewe katika majuma mawili ya mwanzo. Kulivua gari ni kazi tamu kwa sababu kila jioni unaona ulichofanya. Kulirudisha ni kazi ya miaka, na ndani ya miaka hiyo unasahau bolti ile fupi ilikuwa ya wapi, waya ule mweusi ulipita upande gani, na washa ile ya shaba ilikaa chini ya kitu gani. Mimi mwenyewe nililivua gari namna hiyo nilipokuwa kijana. Liliondoka kwangu miaka sita baadaye likiwa katika maboksi 23, na aliyelichukua alikuwa akitafuta vioo tu.

Isitoshe, ukilivua kabla halijatembea hutajua linaumwa nini. Gari linalojikokota hata mita 50 ndani ya uwanja linakueleza mengi: gia ya pili inaruka, difu (gia za ekseli ya nyuma) inalia, usukani una mchezo, moshi ni wa buluu. Ganda lililopakwa rangi nzuri halikwambii neno, na mara nyingi makosa hayo hugunduliwa baada ya rangi kukauka, wakati kila spana inayoteleza inaacha jeraha.

Kabla ya kuilaumu injini, rudia jaribio lako gia ikiwa huru. Magurudumu yakikataa hata hapo, basi mgonjwa wa kwanza ni breki za nyuma zilizoganda kwenye ngoma zake, na kuhusu pistoni bado hatujajua lolote. Ikithibitika kwamba ni injini, usiiguse stata. Toa plagi zote nne, umimine mafuta ya kupenya katika kila silinda; wengi wetu hutumia asetoni na mafuta ya gia za otomatiki, nusu kwa nusu, tukikaa mbali na moto kwa sababu asetoni hushika upesi mno. Hapa 404 ina tabia yake. Injini yake haikusimama wima, imelazwa kwa nyuzi 45 upande wa kulia, kwa hiyo ukimimina vijiko viwili, mafuta yatakusanyika upande wa chini wa kila silinda na upande wa juu, ambako pete za pistoni zimeshikwa na kutu vilevile, hautapata hata tone. Mimina ya kutosha kukifunika kichwa chote cha pistoni, na uongeze kila baada ya siku mbili. Kisha shika nati ya puli ya krankishafti kwa spana yenye mkono mrefu, usukume mbele kidogo na nyuma kidogo, ukitafuta mwendo usiozidi unene wa ukucha. Ikikataa, funga mlango ukalale. Nimewahi kuona injini iliyokubali siku ya 20.

Ikishalegea, usifurahi ukaizungusha mfululizo. Fungua kwanza kifuniko cha valvu na utazame kila valvu ikishuka na kupanda, kwa sababu valvu iliyoganda ikiwa wazi inaweza kukutana na pistoni. Mwaga mafuta ya injini na uyanuse: yakinuka petroli, diaframu ya pampu ya petroli imepasuka na imekuwa ikichuruzisha petroli ndani ya injini. Tangi nalo lisafishwe kabisa, kwa kuwa petroli ya miaka 14 si petroli tena bali ni gundi, na gundi hiyo huziba vitundu vya kabureta.

Halafu naomba sana usifungue hedi, yaani kichwa cha injini kinachofunika silinda, kwa udadisi. Silinda za injini hii ni mabomba ya chuma yaliyozungukwa na maji, yakiwa yamezibwa kwa chini na gasketi nyembamba. Kinachoyakandamiza yakae mahali pake ni hedi yenyewe. Ukiiondoa na kuzungusha injini, pistoni hulinyanyua bomba, gasketi ya chini huachia, na maji ya rejeta huanza kuingia kwenye mafuta. Fundi anayeijua injini ya namna hii hufunga kwanza vishikio vya kuyabana mabomba hayo, ndipo azungushe chochote.

Cheche

Nayaheshimu yote aliyosema ndugu Mkono wa Grisi, na kuhusu injini sina la kuongeza. Ila mimi kazi yangu ni kuchomelea, na sikubali kwamba injini ndiyo ya kwanza katika gari hili.

Land Rover ya zamani ina fremu ya chuma ambayo bodi ya aluminiamu imewekwa juu yake, na hata bodi ikichakaa, fremu nzima bado inabeba. 404 haina fremu ya namna hiyo. Bodi yenyewe ndiyo mhimili: sakafu, zile kingo ndefu zilizo chini ya milango, nguzo za milango na mahali paliposhikwa springi, vyote hubebana. Kingo hizo zikioza kwa ndani, gari huanza kujikunja katikati hata kama limesimama tu. Mtu anaweza kuifufua injini kwa miezi mitatu na kununua vipuri vyote, kisha akagundua kwamba ganda halifai kuvibeba. Kwa hiyo siku ya kwanza ni ya ukaguzi wa chuma, na ukaguzi huo hauhitaji kuvua kitu.

Chukua sumaku ndogo, uifunge kwa kitambaa chembamba ili isikwaruze rangi, kisha uipitishe taratibu chini ya milango, kuzunguka matao ya magurudumu, kwenye pembe za chini za milango na chini ya kioo cha mbele. Pale inapong'ang'ania pana chuma. Pale inapoteleza na kuanguka pana puti nene, na chini ya puti nene mara nyingi hapana chuma kabisa. Puti ni dawa ya kusawazisha, na safu ya milimita mbili au tatu inatosha. Ukikuta unene wa kidole, mtu aliziba tundu. Baada ya hapo lala chini ya gari na ugonge sakafu kwa mpini wa bisibisi. Chuma kizima hulia, kilichooza hujibu kama kadibodi.

Jaribio la mwisho ndilo ninaloliamini zaidi. Funga na ufungue mlango wa mbele mara kadhaa, uangalie nafasi kati yake na mlango wa nyuma. Sasa weka jeki mahali palipokusudiwa na kiwanda, inua upande huo, halafu ufunge mlango tena. Nafasi ikiwa imebadilika, au mlango ukigoma, bodi inajikunja.

Kuhusu kupiga mchanga ganda zima, sikushauri. Vipande vipana na vyembamba kama boneti na paa hupinda vinapopigwa kwa nguvu na fundi asiyezoea, na hakuna puti itakayovirudishia umbo lake la awali. Mchanga nao huingia ndani ya kingo zilizozibwa na hautoki tena, hukaa humo ukishika unyevu. Mikono ya springi, rimu na vipande vinene vipigwe tu bila hofu. Na hata mchanga ukipigwa vizuri, chuma kilichobaki uchi huanza kupata kutu ndani ya saa chache hewa ikiwa na unyevu, kwa hiyo praima, rangi ya msingi, iwe tayari kabla kazi haijaanza.

Ikibidi kukata, usikate pande zote mbili kwa pamoja. Chomelea kwanza vyuma vya kushikilia uwazi wa milango, maliza upande mmoja, ndipo uhamie wa pili. Ondoa betri na tangi la petroli. Nasema haya ya betri na tangi kwa sababu nimeyaona.

Fyuzi Nane

Wakubwa wamesema, mimi naongeza machache ya usalama.

Unapofungua ngoma za breki za gari la umri huu, chukulia kwamba vumbi lililomo lina asbesto, nyuzi zinazodhuru mapafu. Usilipulize kwa upepo wa kompresa wala kwa mdomo. Lilowanishe na ulifute kwa kitambaa cha kutupa. Mabomba ya mpira ya breki yabadilishwe yote hata kama kwa nje yanaonekana mazima, kwa sababu huvimba kwa ndani, yakaruhusu shinikizo liingie na kulizuia lisirudi, na gurudumu likabaki limeshikwa. Mafuta ya breki hunyonya unyevu: yale ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yakishanywa maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 155. Ya miaka 14 hata usiyajadili. Na kwa kuwa magari mengi ya enzi hizo yana mkondo mmoja tu wa breki, bomba moja likipasuka unapoteza magurudumu yote manne.

Usifunge betri moja kwa moja. Weka fyuzi kubwa au swichi ya kukata umeme karibu na betri, halafu washa kifaa kimoja kimoja huku ukinusa. Matairi yatupwe, bila kujali kashata zake zinavyopendeza.

Mgeni wa Spana

Ndugu zangu, nawashukuru sana, na samahani kwa kukaa kimya wiki tano. Sikulivua gari.

Gia ikiwa huru, gurudumu la nyuma la kushoto lilikuwa limeganda kweli, na tulipoigonga ngoma taratibu kwa nyundo ya mpira liliachia. Lakini injini nayo ilikuwa imeshikwa. Nilifuata maelekezo ya kumimina kwa wingi, na siku ya tisa puli ikasogea kiasi cha upana wa nywele; siku ya kumi na moja ikazunguka duara zima. Valvu zote zinapanda na kushuka. Mafuta ya injini yalinuka petroli, kama alivyobashiri ndugu Mkono wa Grisi, na diaframu ya pampu ilivunjika mkononi mwangu kama jani kavu.

Kuhusu chuma, sumaku ilishika karibu kila mahali isipokuwa mwisho wa ukingo wa kulia, mbele ya gurudumu la nyuma, ambako iliteleza kwa urefu wa kiganja. Nilikwangua, nikakuta puti na chini yake gazeti lililokunjwa. Milango inafunga vizuri jeki ikiwa imewekwa na hata ikiwa haijawekwa. Sakafu inalia.

Nina maswali mawili yaliyobaki. Rangi ya awali, ile nyeupe inayoelekea krimu, imefifia juu ya paa na boneti lakini haijabanduka. Je, niipake upya? Na nimeambiwa na fundi mmoja kwamba petroli ya siku hizi isiyo na risasi itaua valvu, hivyo nibadilishe hedi nzima. Ni kweli?

Mlinzi wa Asili

Gazeti hilo litunze, huenda likakupa tarehe ya kosa.

Kuhusu rangi, ningeiacha. Gari linaweza kupakwa rangi mara kumi, lakini linakuwa na rangi yake ya kiwandani mara moja tu, na ile iliyofifia ikiwa nzima ni ushahidi ambao hakuna fundi anayeweza kuutengeneza. Mtazamo huu umepata nguvu katika miaka ya karibuni. Mwaka 2015, mjini Paris, yalipigwa mnada magari 59 ya mkusanyiko wa Baillon, familia ya Kifaransa, mengi yakiwa yameozea ndani ya mabanda kwa miongo mingi, na yaliuzwa yakiwa na vumbi na kutu yake bila kuguswa. Wanunuzi walishindania hali hiyohiyo. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lililoanzishwa mwaka 1966, nalo linalitambua gari la kihistoria kuwa ni lile lenye umri wa angalau miaka 30, lililohifadhiwa katika hali iliyo sahihi kihistoria, na lisilotumika kama usafiri wa kila siku. Neno ni kuhifadhi, na kuhifadhi si lazima kuwe kung'arisha.

Anza na maji, sabuni laini na kitambaa, kisha dawa nyepesi ya kung'arishia kwa mkono. Usitumie mashine kwenye kingo za paneli, kwa sababu rangi ni nyembamba zaidi hapo. Ule ukingo wa kulia upakwe baada ya kuchomelewa, kipande hicho tu, kwa rangi iliyolinganishwa na sehemu iliyofifia, si na namba ya kiwanda, la sivyo kitaonekana kama kiraka kipya kwenye shati kuukuu. Ndani yake upulizwe nta ya kuzuia kutu, na vitundu vya kutolea maji chini ya milango vifunguliwe kwa waya. Mara nyingi kuoza kote kulianzia kwenye kitundu kilichoziba.

Sipingi mabadiliko yote. Mikanda ya usalama, fyuzi ya ziada, mabomba ya petroli yanayostahimili ethanoli (alkoholi inayochanganywa kwenye petroli), hayo naweka bila kuona haya, mradi yanaweza kuondolewa bila kutoboa tundu jipya.

Kuhusu petroli, fundi huyo amechukua ukweli akaupeleka mahali pasipo pake. Risasi ilianza kuongezwa kwenye petroli katika miaka ya 1920 ili kuzuia injini kugonga, na ikatokea pia kwamba masalia yake yalikinga viti vya valvu, yaani mahali valvu zinapokalia zikijifunga. Petroli hiyo haiuzwi tena kwa magari popote. Algeria ndiyo iliyokuwa ya mwisho kuiacha, Julai 2021. Wanaopaswa kuhofu zaidi ni wenye hedi za chuma cha kusubu ambazo viti vya valvu vimechongwa ndani ya chuma hichohicho laini. Hedi ya 404 ni ya aluminiamu, na aluminiamu haiwezi kustahimili kupigwa na valvu moja kwa moja, kwa hiyo viti vyake ni pete za metali ngumu zilizopachikwa. Usibadilishe kitu. Pima uwazi wa valvu, uandike, endesha kilomita elfu moja kwa utulivu, kisha upime tena. Uwazi wa valvu za kutolea moshi ukiwa unapungua kila unapopima, ndipo tuzungumze.

Mkono wa Grisi

Nakubaliana na Mlinzi wa Asili, na kwa Cheche nakiri kwamba sumaku ilipaswa kutangulia spana. Kama ukingo ule ungekuwa umeoza kote, ningekuwa nimempotezea ndugu yetu mwezi mzima.

Nimekumbuka jambo moja kabla hujaenda kununua mafuta. Difu ya 404 haina meno ya kawaida. Ni skurubu ya chuma inayozungusha gurudumu la shaba nyeusi, na ndiyo maana ikiwa nzima huisikii kabisa. Mafuta mengi ya difu ya kisasa yamekolezwa salfa kwa ajili ya meno ya chuma, na salfa hiyo hula metali za jamii ya shaba polepole. Muuzaji atakupa yale yaliyoandikwa GL-5, daraja la mafuta hayo ya kisasa, kwa nia njema kabisa. Yakatae, uulize yaliyotengenezwa kwa difu za skurubu, na utakapomwaga ya zamani, yachuje kwa kitambaa cheupe: vumbi laini la rangi ya dhahabu ni uzee wa kawaida, vipande vinavyoshikika kwa vidole si kawaida.

Tena, siku utakayoiwasha, usishtuke ukiona feni imesimama huku injini inanguruma. Katika 404 feni hushikwa kwa sumaku ya umeme maji yakipata joto, na hubaki huru yakiwa ya baridi. Watu wameagiza vipuri kwa sababu ya feni iliyokuwa ikingoja wakati wake.

Mgeni wa Spana

Difu nimeimwaga leo asubuhi. Kitambaa kimebaki na vumbi la dhahabu tu, hakuna kipande. Cheche, nitakutumia picha za ukingo wa kulia kabla sijamruhusu mtu yeyote kukata. Gazeti lile ni ukurasa wa michezo, na sehemu yenye tarehe imeliwa na kutu.